Mfumo umekataa

Kuna sentensi moja ambayo nadhani kila aliyewahi kusimama dirishani hapa kwetu ashaisikia: "mfumo umekataa." Ukiuliza umekataa kwa nini, yule aliyeko ndani anageuza skrini kidogo kama anataka kukuonyesha afu anairudisha, kwa sababu hata yeye hajui. Mi nlikuwa naamini hawa watu wa dirishani ni wavivu tu wa kueleza. Mpaka siku nlipopewa kazi ya kuandika huo mfumo unaokataa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya SACCOS moja ya walimu na watumishi wa halmashauri, jina naliacha, wanachama kama elfu tatu hivi. Walitaka ombi la mkopo likiingia mfumo useme linapita au halipiti, basi. Programu ya zamani walikuwa nayo, imeandikwa kwa lugha ya PHP, na ndani yake kuna fankisheni moja (kipande kimoja cha programu) yenye mistari kama 1,900, if (ikiwa) ndani ya else (la sivyo) ndani ya if nyingine, unashuka nayo huku mistari inazidi kusogea kulia mpaka inatoka nje ya kioo. Jamaa aliyeiandika aliacha kazi zamani na simu hapokei. Mwaka mmoja mkutano mkuu ukapitisha kwamba mwanachama akope hadi mara tatu ya akiba yake badala ya mara mbili, ikabidi ile namba 2 itafutwe faili zima, ikaonekana sehemu kumi na moja, wakabadilisha kumi. Ile ya kumi na moja ndo ilileta ugomvi uliofanya wanitafute mimi.

Siku ya kwanza nimefika na laptopu yangu nikaomba nipewe masharti ya mikopo. Nlitegemea PDF. Mama afisa mikopo akaniitikia shikamoo, akafungua droo, akatoa kaunta buku. Jalada limechakaa, limeshikizwa kwa gundi ya karatasi, na ndani kila sharti lina mstari wake kwa biro ya bluu, yaliyofutwa yamekatwa kwa nyekundu na tarehe pembeni. "Awe ametimiza miezi sita." "Wadhamini wawili, na mdhamini asiwe na dhamana zaidi ya tatu." "Makato yote yaache theluthi moja ya mshahara." "Jumla ya deni = mkopo + bima 1%." Na mengine yana neno moja kubwa kwa herufi kubwa, ISIPOKUWA, ISIPOKUWA mkopo wa dharura, ISIPOKUWA mjumbe wa bodi. Nikasema moyoni, aisee hii si ndo injini ya kanuni yenyewe (programu unayoipa masharti, yenyewe ikaamua lipi linahusika), ni kuichapa tu kwenye kompyuta. Nitarudi kwenye huo ujinga wangu.

Sasa kabla sijaendelea, kwa wale ambao hawajawahi kugusa haya mambo. Programu nyingi tunazoandika ni amri: fanya hiki, afu hiki, ikiwa hivi rudi pale. Kuna namna nyingine ambayo hutoi amri, unaeleza tu unataka nini au kitu fulani kikoje, afu kuna mashine chini yake inayojua namna ya kufika. Sitatoa ule mfano wa mgahawa na mpishi, umeshatumika mpaka umechacha. Mfano wa kweli ni SQL, lugha ya kuuliza databesi, ambayo sisi waandishi wa programu tunaitumia kila siku bila kuiwazia. Ukiandika nipe majina ya wanachama wenye akiba zaidi ya 500,000, hujasema anza kusoma safu ya kwanza, hujasema tumia faharasa ipi, hujasema unganisha jedwali lipi kwanza. Databesi inajipangia yenyewe, na kesho data ikiongezeka inaweza kubadilisha mpango kabisa na swali lako likabaki vilevile. Hii ni kazi ya tangu 1974, Chamberlin na Boyce pale IBM, wakijenga juu ya mawazo ya mwenzao Edgar Codd ya 1970, ya kupanga data kwa majedwali. Excel nayo ni hivohivo, unaandika D2 ni B2 mara C2, ukigusa B2 na D2 inabadilika, hakuna mtu aliyeiambia "sasa anza kukokotoa upya." Mhasibu anayejua Excel ni programa wa namna hii miaka yote na hakuna anayempa heshima yake.

Robert Kowalski, mmoja wa watu wa mwanzo wa Prolog, lugha ya programu inayoandikwa kwa mantiki, mwaka 1979 aliliweka kwa hesabu fupi sana: algorithimu (yaani njia ya kutatua tatizo hatua kwa hatua) ni mantiki kujumlisha udhibiti. Mantiki ni kile unachojua, udhibiti ni namna kinavyotumika. Kwenye ile fankisheni ya PHP vitu viwili hivi vimechanganywa kama mchanga na sukari. Ahadi ya injini ya kanuni ni kwamba we andika mantiki, udhibiti niachie mimi.

Na inafanyaje? Kuna vitu vitatu. Kwanza kumbukumbu ya kazi, humo unatupia taarifa: mwanachama fulani, ombi lake, wadhamini wake, mikopo yake ya nyuma. Pili kanuni zenyewe, kila moja ina upande wa IKIWA na upande wa BASI:

IKIWA kuna ombi la mkopo
NA makato yake mapya ukijumlisha na ya zamani yanazidi theluthi mbili ya mshahara
BASI weka kukataliwa, sababu "theluthi".

Tatu ni ajenda. Injini inalinganisha taarifa zote na kanuni zote, zile ambazo IKIWA zao zimetimia zinapanga foleni kwenye ajenda, inachagua moja, inaifyatua, na kwa sababu kufyatuka kwake kunaweza kuwa kumebadilisha taarifa, inalinganisha tena. Mzunguko huo huo mpaka ajenda iwe tupu. Huko ni kwenda mbele, kutoka taarifa hadi hitimisho. Kuna nyingine zinazoenda kinyumenyume, zinaanza na swali zikirudi nyuma kutafuta ushahidi, Prolog iko hivo.

Ukiwaza vizuri utaona shida papo hapo. Kanuni mia mbili, taarifa elfu kumi, kila mzunguko ulinganishe zote na zote? Utangoja mpaka kesho. Hapa ndo anaingia Charles Forgy wa chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, na algorithimu yake inaitwa Rete, aliianza 1974 na makala yake inayojulikana ikatoka 1982. Rete ni Kilatini, maana yake wavu. Wazo lake ni kwamba kati ya mzunguko mmoja na mwingine taarifa nyingi hazijabadilika, kwa nini urudie kazi? Basi kanuni zote zinasukwa kuwa wavu mmoja. Macho ya juu ya wavu yanakagua taarifa moja moja, "je hili ni ombi? la zaidi ya milioni?", na ya chini yanaunganisha mbili mbili, "je huyu mdhamini ni wa ombi hili?", na kila jicho linakumbuka kilichonasa kwake. Taarifa moja ikibadilika inapita njia yake tu, kwingine kumelala. Na kanuni kumi zikiuliza swali lilelile zinatumia jicho moja. Gharama yake ni RAM, wavu unaokumbuka kila kitu unakula kumbukumbu. Drools, injini ya kanuni ambayo ndo nlitumia, imejengwa juu ya ukoo huo.

Na si kitu cha maabara tu. John McDermott, wa hapohapo Carnegie Mellon, mwaka 1978 alianza kuandika programu ikaja kuitwa XCON kwa ajili ya kampuni ya DEC. DEC walikuwa wanauza kompyuta za VAX vipande vipande, mteja anaagiza, na oda inaweza kufika kwa mteja nyaya zimesahaulika. Walishajaribu kuandika programu ya kupanga oda kwa lugha za kawaida za amri, Fortran na BASIC, ikashindikana. XCON ikaanza kazi 1980 kiwandani Salem, New Hampshire, na baadaye ikafika kanuni kama 2,500. Kufikia 1986 ilishapanga oda 80,000. Ila na yenyewe, kadiri kanuni zilivyoongezeka ndivyo kuitunza kulivyokuwa shughuli, hilo mimi nlilisoma nikalipita haraka kwa sababu nlikuwa na kanuni arobaini tu, nikajiona salama.

Haya, turudi kwenye ujinga.

Nimechapa kanuni zote kutoka kaunta buku kwa wiki moja, zimependeza, kila sharti faili lake. Jioni moja naweka ombi la majaribio, mwalimu wa kubuni, mkopo 2,000,000. Nabonyeza. Kimya. Feni ya laptopu inaanza kulia kama bodaboda inayopanda mlima, CPU asilimia mia. Nafungua logi, kuna mstari mmoja unajirudia usio na mwisho: kanuni "bima" imefyatuka, kanuni "bima" imefyatuka. Nateremka mpaka chini kabisa nione deni limefika ngapi, na pale kwenye kiasi pameandikwa Infinity. Yaani mwalimu anadaiwa milele yote. (Ndiyo, nlitumia double kwenye hela, aina ya namba za desimali ambazo si kamili, msinipige, nishabadilisha.) Nikaizima nikaweka kikomo ifyatue mara 1,000 tu nione inavyokwenda, ule mkopo wa milioni mbili ukafika karibu bilioni arobaini na mbili.

Kilichotokea ukishakijua ni cha aibu. Kanuni yangu ilisema: IKIWA kuna ombi la zaidi ya milioni moja, BASI ongeza kiasi chake kwa asilimia moja. Ikafyatuka, ikabadilisha ombi, ikaiambia injini ombi limebadilika. Injini ikatii, ikalinganisha upya, kumbe kuna ombi la zaidi ya milioni moja! Fyatua. Kwa kawaida injini haifyatui kanuni ileile mara mbili kwa taarifa zilezile, lakini hizi si zilezile, we mwenyewe umesema zimebadilika.

Dawa ya haraka ipo, unaweka no-loop kwenye kanuni isijiamshe yenyewe. Niliweka, ikanyamaza, nikalala. Siku mbili baadaye kanuni ya bima ikaanza kuamsha ya ada ya fomu na ya ada ya fomu ikaiamsha ya bima, no-loop haizuii hiyo, kila mmoja hajiamshi mwenyewe, anaamshwa na mwenzake.

Nikaenda kumweleza mama, si kwamba nlitegemea atanisaidia, nlikuwa naeleza kwa nini nimechelewa. Akafungua kaunta buku lake, akaweka kidole. "Mwanangu, hapa nimeandika ongeza?" Nikasoma. Jumla ya deni = mkopo + bima 1%. Hakuandika ongeza. Hakuna mahali pameandikwa ongeza. Yeye kaandika kitu kilivyo, mimi nimekisoma kama amri kwa sababu miaka nane kichwa changu kinaandika amri. Kitabu chake kilikuwa kinaeleza, kanuni zangu zilikuwa zinafanya. Nikaandika upya: mkopo haubadilishwi kamwe, bima ni taarifa ya pembeni inayozaliwa na mkopo, jumla ya deni ni vitu hivo vikijumlishwa. Lupu zote, ile mizunguko isiyo na mwisho, zikafa bila no-loop hata moja.

Mambo mengine yaliyonipata nayapitia haraka. Kuna kanuni nilisahau kuunganisha mdhamini na ombi lake, nimesema tu "kuna ombi, kuna mdhamini", injini ikaniletea kila ombi na kila mdhamini, maombi 3,000 mara wadhamini 6,000, jozi milioni 18, seva ikajaa. Ni kosa lilelile la kusahau sharti la kuunganisha kwenye SQL. Halafu kuna vipaumbele, Drools wanaita salience, unaipa kanuni namba ili itangulie. Kuna wakati nilikuwa na kanuni ya 100, ya 99, ya 98, ya 97... kijana tunayefanya naye kazi akaniangalia akasema, bro, hii si ile PHP tu umeikatakata? Nikakasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Siku hizi nikiona namba ya kipaumbele kwenye kanuni najiuliza ni taarifa gani haijaandikwa mpaka mtu akaamua kupanga foleni kwa mkono, na mara nyingi ipo.

Na si kila kitu kinahitaji injini, hapa watu wanadanganyana sana. Chukua PAYE, kodi ya mshahara, ya Tanzania Bara kama ilivyowekwa Julai 2021. Kipato cha mwezi kinachotozwa hadi 270,000 hakina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi, hadi 760,000 ni 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, hadi milioni moja ni 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, juu ya hapo 128,000 na asilimia 30. Mwenye 900,000 anakatwa 68,000 na 35,000, jumla 103,000. Hizo ni safu tano za jedwali, hakuna safu inayoiamsha nyingine, hakuna taarifa mpya inayozaliwa katikati. Jedwali kwenye databesi na swali moja la SQL linatosha, serikali ikibadilisha viwango unabadilisha safu. Mtu akikuuzia injini kwa ajili ya hilo anakuuzia lori ubebee mkate. Mambo yetu ya mikopo ni tofauti kwa sababu sharti moja linazaa taarifa inayoamsha jingine, na zile ISIPOKUWA zinaingiliana, na bodi inabadilisha kila mwaka.

Ila kilichonifanya nibaki na injini si hayo hata. Ni neno "kwa nini." Miaka ya 1970 pale Stanford kulikuwa na programu inaitwa MYCIN ya Edward Shortliffe na wenzake, ya kusaidia kutambua maambukizi ya bakteria kwenye damu, kanuni mia kadhaa. Ikimuuliza daktari swali, daktari aliweza kuiuliza WHY, na yenyewe ikamjibu kwa kumwonyesha kanuni inayoifikiria. Haikuja kutumika hospitalini kikazi, lakini hilo wazo lilinikaa. Nikatengeneza kwamba kila ombi likikataliwa printa inatoa kikaratasi: kanuni ipi imefyatuka, kwa taarifa zipi, na hesabu yake. Maneno yaleyale ya kaunta buku.

Wiki ya tatu tangu tuanze kutumia, nipo palepale ofisini kwenye kona yangu, akaja mwalimu mmoja wa sekondari, mzee, kabakiza miaka miwili astaafu. Ombi limekataliwa. Mama akampa kikaratasi. Mzee akavaa miwani akakisoma chote akiwa amesimama, watu nyuma yake wanaguna. Makato yote 655,000, kikomo 600,000 ambayo ni theluthi mbili ya 900,000, na chini makato yameorodheshwa moja moja. Akaomba biro. Akazungushia duara 210,000, mkopo wa zamani. "Hili nimelimaliza leo asubuhi hapahapa," akatoa risiti mfukoni, ya saa tatu na nusu.

Nikaangalia databesi, salio sifuri kweli. Nikaangalia kumbukumbu ya injini, kato la 210,000 bado limekaa pale limetulia. Sesheni yetu, yaani injini ikiwa imewashwa na kumbukumbu yake ya kazi, inafunguliwa saa moja asubuhi inakaa wazi siku nzima. Saa moja mzee alikuwa na deni, kanuni ikafyatuka ikatupia taarifa "ana kato la 210,000." Saa tatu na nusu salio likawa sifuri, sababu ya ile taarifa ikafa, taarifa yenyewe ikabaki yatima. Kwa sababu nliandika insert, ambayo ni amri, weka hiki, basi kikae. Ipo insertLogical, yenyewe inasema hiki ni kweli muda wote ambao sharti lake ni kweli, sharti likianguka injini inakiondoa yenyewe. Kosa lilelile la bima, limevaa nguo nyingine. Usiku ule nlizipitia kanuni zote, nikakuta insert za namna hiyo sita.

Lakini pale pale nlichoweza ni kufunga sesheni na kuifungua upya ijaze taarifa kutoka databesi. Dakika kama nne. Nikamwambia, shikamoo mwalimu, samahani, ni kosa letu, ombi linapita. Printa ikatoa cha pili, 445,000, limekubaliwa. Mama akanyoosha mkono achukue kile cha kwanza akichane. Mzee akakikunja, akakiweka mfuko wa shati pamoja na risiti yake.

"Hiki naondoka nacho," akasema. "Staff room hawataniamini kwamba mfumo umekosea na umeandika wenyewe ulipokosea."